Baada ya Kimbunga: Mwongozo kwa Daktari, Muuguzi na Mkunga Anayetaka Kusaidia

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga Puerto Rico, kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Marekani. Kwa miezi mingi hesabu rasmi ya waliokufa ilibaki kuwa watu 64. Agosti mwaka uliofuata, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington kupitia upya takwimu za vifo, serikali ya kisiwa hicho ilikubali idadi nyingine: 2,975. Hao hawakufukuliwa chini ya vifusi. Wengi walikufa wiki na miezi baada ya upepo kutulia, katika nchi isiyo na umeme, yenye barabara zilizokatika na hospitali zinazotegemea jenereta. Walioumia zaidi walikuwa watu wa maeneo maskini na wanaume wenye miaka 65 na kuendelea.

Takwimu hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza kila mtu wa afya anayetaka kwenda kusaidia. Upepo huua kwa siku moja. Huduma iliyokatika huua kwa miezi, na hao ndio tunaoweza kuwaokoa. Ukienda ukiwaza upasuaji wa kishujaa tu, utawapita wagonjwa wako wakiwa wamekaa kimya kwenye mikeka.

Hatua ya 1: Subiri uitwe

Ukiona picha za nyumba zilizoezuliwa, moyo unakusukuma kufunga begi usiku huohuo. Usiende kichwakichwa. Mtu anayejitokeza bila kuitwa anahitaji maji, chakula, mahali pa kulala na mtu wa kumwelekeza, na vyote hivyo vimeadimika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kumponya mwenyeji ni yule ambaye anajulikana anakuja lini, anafikia wapi na anajua kazi gani.

Jiandikishe kabla ya msimu wa vimbunga, si baada ya janga. Njia ni nyingi: Wizara ya Afya, baraza la taaluma yako, chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, au shirika la misaada linaloendesha timu za dharura. Marekani wapo watu wa kujitolea waliosajiliwa chini ya Medical Reserve Corps, ambao leseni zao zinahakikiwa kabla hakujaharibika kitu. Kwa timu zinazovuka mipaka, Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango mwaka 2013: timu ya daraja la kwanza yenye kituo iweze kuona wagonjwa wa nje wasiopungua 100 kwa siku, ya daraja la pili iwe na vitanda visivyopungua 20 na iweze kufanya operesheni kubwa 7 au ndogo 15 kwa siku. Viwango hivyo vilikuja kwa sababu majanga ya nyuma yalikuwa yamejaa timu zilizokuja na nia njema bila vifaa, bila leseni na bila kujua wagonjwa watamwachia nani.

Ukipigiwa simu, uliza maswali haya kabla ya kusema ndiyo: Nani atakuwa msimamizi wangu? Leseni yangu itatambuliwa kwa utaratibu gani? Nikifanya kosa la kitabibu, nani anabeba dhamana? Nitalala wapi na nitakunywa maji gani? Na kada gani ndiyo inayokosekana? Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Wapasuaji hujitokeza kwa wingi, lakini mara nyingi pengo liko kwa wauguzi, wakunga, wafamasia, maofisa afya mazingira na mafundi wa vifaa tiba. Kama nafasi unayopewa ni ya kupanga dawa ghalani, ikubali. Ghala lisilopangwa linaua.

Na kama kimbunga kimepiga hapohapo unapoishi, anza na familia yako. Wahakikishe wako salama, kisha ripoti kwenye kituo chako cha kazi kabla ya kwenda popote pengine. Mtu asiyejua watoto wake wako wapi hawezi kutibu.

Hatua ya 2: Begi linalojitegemea

Chukulia kwamba kwa siku tatu hutapewa chochote. Maji au dawa ya kuyatibu, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi ya kichwani na betri, viatu vya mpira virefu, neti, dawa zako mwenyewe za kutosha siku zote pamoja na za ziada, nakala za leseni na pasi ya kusafiria zilizofungwa kwenye nailoni. Daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka kwenye maji na simu huzima. Hakikisha chanjo zako: pepopunda, homa ya ini A na B, surua, homa ya matumbo. Kama eneo lina malaria, anza dawa za kinga mapema.

Kuhusu dawa za kuwagawia watu, usikusanye vidonge vilivyobaki kwenye makabati ya majirani. Miongozo ya misaada ya dawa iko wazi: dawa iwe kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi husika, iwe imeandikwa jina lake la kitaalamu kwa lugha inayoeleweka huko, na ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Kasha la dawa zilizochanganywa humchukua mfamasia siku nzima kulipanga, na mwisho huishia kuchomwa. Ukitaka kusaidia kwa mali, tuma fedha kwa wanaonunua kwa orodha.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, kagua jengo kabla ya mgonjwa

Ukifika, ripoti kwa anayeratibu na ukae kwenye kikao cha asubuhi hata kama unaona unapoteza muda. Kisha zunguka kituo ukiwa na daftari. Maji yanatoka wapi na yamewekwa klorini? Vyoo vinafanya kazi? Taka zenye damu na sindano zinakwenda wapi? Mitungi ya oksijeni imebaki mingapi? Friji ya chanjo inasoma nyuzi ngapi? Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mnyororo baridi ukishakatika hakuna wa kukuambia ni lini usipoangalia kifaa cha kurekodi joto.

Halafu umeme. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005 na kingo za maji zikabomoka, zilikuwepo hospitali ambazo jenereta au swichi zake zilikuwa ghorofa za chini. Maji yaliingia, taa zikazimika, na wauguzi wakabaki wakipuliza hewa kwa mkono kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Angalia jenereta iko kimo gani, ina mafuta ya saa ngapi, na nani ana ufunguo. Kisha kubalianeni mapema, kwa maandishi, umeme ukipungua nini kinabaki: oksijeni, watoto njiti, friji, chumba cha upasuaji. Kiyoyozi cha ofisi kizimwe leo.

Jenereta ina hatari nyingine, na hii inahusu majumba ya watu. Kila baada ya kimbunga kikubwa familia hupatwa na sumu ya kaboni monoksidi kwa sababu jenereta au jiko la mkaa limewashwa ndani, barazani au chini ya dirisha. Likae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi ukielekea mbali na milango. Wakija watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wanatapika na wamelegea, na hakuna mwenye homa, fikiria hewa hiyo kabla ya malaria au chakula kibaya. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kitakudanganya: kitasoma asilimia 98 huku mgonjwa anakufa, kwa kuwa hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Mpe oksijeni kamili kwa barakoa mara moja, na mtume mtu akawatoe waliobaki ndani ya nyumba.

Hatua ya 4: Majeraha, osha sana na usishone haraka

Saa za kwanza kukiwa na umati wa majeruhi, tenga kwa rangi kama ulivyofundishwa: nyekundu wa haraka, njano wanaoweza kusubiri kidogo, kijani walioumia kidogo, nyeusi waliokufa au wasio na tumaini. Lakini timu nyingi kutoka nje hufika baada ya saa hizo. Utakachokutana nacho siku ya tatu, ya tano, ya kumi ni majeraha ya watu wanaosafisha na kujenga upya: mtu ameanguka akirudishia bati, msumeno wa mashine umemkata paja, mwingine amenaswa na waya wa umeme uliolala kwenye dimbwi. Na misumari, misumari isiyokwisha.

Chukua mfano wa kijana aliyekanyaga msumari akiwa na kandambili ndani ya maji ya mafuriko. Tundu ni dogo, damu imekauka, anataka plasta arudi kazini. Mlaze. Uliza msumari umeingia wapi na umetokea wapi, na angalia kandambili yenyewe: kama kuna kipande cha mpira kimepotea kwenye soli, kipo ndani ya mguu. Tia ganzi, panua tundu kidogo, tafuta. Kisha osha. Bomba la sindano kubwa, maji safi ya kunywa kama huna ya dripu, tena na tena, mpaka yanayotoka yawe safi kama yanayoingia. Kata nyama iliyokufa. Usishone. Weka chachi yenye unyevu, funga, mwambie arudi baada ya siku mbili. Jeraha kubwa lililo wazi likiwa safi siku ya nne au ya tano, lishone hapo. Anayeshona jeraha lililoloweshwa na maji ya mafuriko siku ya kwanza anafungia wadudu ndani, na atalifungua mwenyewe akiwa na usaha au atakata mguu.

Chanjo ya pepopunda haina mjadala. Jeraha chafu na sindano ya mwisho ilikuwa zaidi ya miaka 5 iliyopita, mpe nyingine. Jeraha safi, zaidi ya miaka 10. Asiyejua au asiyewahi kukamilisha dozi, mwenye jeraha chafu, mpe chanjo pamoja na kinga ya moja kwa moja (sindano ya kingamwili za pepopunda zilizo tayari), yuniti 250, kwenye sehemu nyingine ya mwili. Wanawake waliojifungulia kliniki mara nyingi wana kinga kuliko waume zao, kwa hiyo usisahau kuwauliza wanaume.

Maji ya bahari ya joto yakichanganyika na mafuriko huleta bakteria aitwaye Vibrio vulnificus. Baada ya Katrina waliripotiwa wagonjwa 18 wa Vibrio kwenye majeraha, na 5 kati yao walikufa. Wanaoshambuliwa zaidi ni wenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu. Dalili ya kukushtua ni maumivu makali kupita ukubwa wa jeraha, ngozi inayogeuka zambarau na malengelenge yenye damu, ndani ya saa chache au siku moja. Usisubiri maabara. Mpe antibayotiki: doksisaiklini pamoja na sefalosporini ya kizazi cha tatu kwa mshipa, na mpasuaji aitwe saa hiyohiyo.

Hatua ya 5: Tafuta wagonjwa wasiojitokeza

Hapa ndipo wengi wangeokoka na ndipo tunapokosea zaidi. Usikae kwenye hema ukisubiri foleni. Chukua daftari, zunguka kambi mkeka kwa mkeka. Na angalia unauliza nini. Ukiuliza “Unaumwa?” utajibiwa hapana.

“Shikamoo mama. Unaendeleaje?”

“Marahaba mwanangu. Mie mzima, nenda kwa walioumia.”

“Nashukuru, mama. Nyumbani kabla ya kimbunga, ulikuwa unatumia dawa gani?”

“Ile ya presha. Na sindano ya asubuhi. Friji imekwenda na maji.”

Huyo ana kisukari, hana insulini kwa siku ngapi hujui, na alikuwa anakuruhusu upite. Uliza kila mtu swali la pili, si la kwanza. Kisha endelea: ulikuwa unakwenda kusafishwa damu? Ulikuwa unavuta oksijeni nyumbani? Una kadi ya kliniki? Kuna mtu hapa ambaye hawezi kuja mwenyewe?

Insulini iliyo kwenye kichupa kisichofunguliwa au kilichofunguliwa huweza kukaa nje ya friji hadi siku 28 ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Iweke kivulini, mbali na bati na gari. Kichupa kilichozama kwenye maji ya mafuriko kitupwe. Kama joto limezidi na hakuna nyingine, bora insulini yenye mashaka huku ukipima sukari mara kwa mara kuliko kutompa kabisa, hasa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye hapaswi kukosa insulini hata siku ambayo hajala.

Wagonjwa wa figo ndio wenye saa inayokimbia kuliko wote. Mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki akikosa vipindi viwili yuko hatarini. Baada ya Katrina, katika utafiti mmoja wa wagonjwa hao, karibu asilimia 44 walikosa angalau kipindi kimoja na karibu asilimia 17 walikosa vitatu au zaidi. Siku ya kwanza uandike majina yao na siku yao ya mwisho kusafishwa, na uwatafutie gari au helikopta kabla ya kumtafutia mtu mwenye mkono uliovunjika. Wakati wakisubiri wapunguze maji ya kunywa, na chakula cha msaada kikaguliwe: vya makopo vina chumvi nyingi, ndizi, juisi na maji ya madafu vina potasiamu ya kusimamisha moyo wa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi. Watu wema huwapa wagonjwa madafu. Waelezeni.

Wa kifafa wasikae hata siku moja bila dawa, kwa kuwa kuacha ghafla huleta degedege lisilokoma. Hali kadhalika wanaotumia dawa za akili. Wa kifua kikuu na wa ARV warudishwe kwenye dawa zao zilezile. Asiye na kadi akikuelezea kidonge kwa rangi na umbo, msikilize, anakijua kuliko wewe. Na ghala likiruhusu, mpe dawa za mwezi, si za siku tatu. Barabara iliyopitika leo inaweza isipitike Alhamisi.

Hatua ya 6: Magonjwa huja kwa zamu

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, Msumbiji. Tarehe 27 Machi kipindupindu kilitangazwa. Tarehe 3 Aprili chanjo ya kunywa ilianza kutolewa, karibu dozi 900,000. Waliougua walipita 6,000, lakini waliokufa kwa kipindupindu walikuwa 8. Nisomapo hesabu hiyo naona kazi ya watu wengi waliowahi: waliohesabu kuhara tangu siku za kwanza, waliofungua vituo vya kutibu kabla havijazidiwa, waliotibu maji.

Kwa hiyo hesabu kila siku. Kuhara majimaji, kuhara damu, homa, upele wenye homa, manjano, pepopunda. Mistari sita kwenye karatasi, ipelekwe kwa mratibu jioni. Mtu mzima mmoja aliyehara majimaji mpaka akaishiwa nguvu anatosha kupiga simu; usisubiri wa pili.

Kutibu kipindupindu ni kurudisha maji, na kunahitaji uvumilivu kuliko utaalamu. Anayeweza kunywa apewe ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), kikombe kwa kikombe, hata akitapika. Aliyezimia au asiyeshikika mapigo apewe dripu ya Ringer, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: mwenye zaidi ya mwaka mmoja, 30 za kwanza ndani ya nusu saa na 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu, mtoto chini ya mwaka, 30 kwa saa moja na 70 kwa saa tano. Antibayotiki ni za nyongeza kwa waliozidiwa. Pasipo pakiti za ORS, lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kituo cha kipindupindu kinahitaji kama lita 60 za maji kwa kila mgonjwa kwa siku, na hilo ndilo la kupanga kwanza kabla ya vitanda.

Kati ya siku ya tano na ya kumi na nne anza kufikiria homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya kwenye maji na tope. Ilionekana Puerto Rico baada ya Maria. Hufanana na malaria au dengi, lakini mgonjwa huumia misuli ya mapajani na ya nyuma ya miguu mpaka hataki kuguswa, macho yanakuwa mekundu bila tongotongo, na wakizidiwa hupata manjano na mkojo kukatika. Waokoaji wanaoshinda ndani ya maji wanaweza kupewa doksisaiklini miligramu 200 kwa wiki kama kinga, wakiwa si wajawazito.

Malaria hukawia. Mafuriko husomba viluwiluwi, kisha madimbwi yanapotulia mbu huzaliana upya, na wagonjwa huongezeka wiki kadhaa baadaye, wakati timu nyingi zimeshafungasha. Wasiondoke na vipimo na neti. Na kwenye kambi zilizosongamana surua haisubiri. Kampeni ya chanjo kwa watoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 15, pamoja na vitamini A, ianze mapema kabla hujamwona mgonjwa wa kwanza.

Hatua ya 7: Mimba haisubiri barabara

Mkunga ndiye mtu ninayemtaka kwenye kila timu. Tafuta wajawazito wote waliotimiza miezi minane, andika majina na mahali wanapolala, na kila mmoja apewe pakiti ya kujifungulia: shuka la nailoni, sabuni, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu. Oksitosini inahitaji baridi, kwa hiyo friji ikikufa weka misoprostoli, mikrogramu 600 za kumeza baada ya mtoto kutoka, kuzuia kutoka damu nyingi. Linda kunyonyesha. Maziwa ya kopo yaliyomwagwa kambini kama msaada, yakakorogwa kwa maji machafu, huua watoto ambao matiti ya mama zao yangewalea.

Tenga pia mahali pa faragha kwa wanaobakwa, kwa kuwa kambi zisizo na taa wala makomeo ya vyoo huleta hayo. Dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Bango lisiandike huduma hiyo kwa jina. Wanawake waambiwe na wanawake.

Hatua ya 8: Kaa na mtu

Msaada wa kwanza wa kisaikolojia una mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anatetemeka, nani hali, nani amebaki peke yake. Sikiliza bila kumlazimisha asimulie; vikao vya kuwashurutisha watu warudie yaliyowapata havisaidii na vinaweza kuwaumiza. Unganisha: simu ya kumtafuta kaka, foleni ya maji, imamu au mchungaji, mama wa jirani. Diazepamu, dawa ya kutuliza, si jibu la msiba. Mtoto apewe mpira, mchezo na ratiba. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe kwa mtaalamu.

Hatua ya 9: Andika walio hai na waliokufa

Maiti za waliokufa kwa kimbunga hazileti mlipuko wa magonjwa. Msikubali shinikizo la kuzika kwa pamoja kwa haraka. Piga picha ya uso, nguo na alama, funga namba, andika mahali ilipookotwa, hifadhi. Familia itakuja kuuliza baada ya mwezi, na bila kaburi linalojulikana hata mirathi hukwama. Anayebeba avae glavu na viatu vya mpira, basi.

Na unapojaza cheti cha kifo, fikiri. Mzee aliyekufa kwa kukosa oksijeni kwa sababu umeme ulikatika amekufa kwa kimbunga pia, na sehemu ya cheti inayoeleza mfuatano wa visababishi ina nafasi ya kuliandika hilo. Ripoti ya Puerto Rico ilionyesha kwamba madaktari wengi hawakuwa wamefundishwa kujaza vyeti vya namna hiyo. Usipoandika, mwakani hakuna bajeti ya kumnunulia mwingine jenereta.

Hatua ya 10: Kukabidhi na kuondoka

Anza kukabidhi siku uliyofika. Kila mgonjwa awe na karatasi yake mwenyewe mkononi, si kwenye kompyuta yako tu: ugonjwa, dawa, dozi, siku ya kurudi. Wenye vyuma kwenye mifupa, vidonda vilivyo wazi na mirija waandikwe orodha ya peke yao, na orodha hiyo apewe mtu mwenye jina kwenye kituo kitakachobaki. Mashine usiiache kama hakuna fundi, vipuri wala umeme wa kuiendesha. Usiwape wenyeji dawa ambayo hawataipata tena ukiondoka. Mgonjwa wa presha mwekee dawa iliyopo kwenye duka la dawa la nchi yake.

Wafanyakazi wenyeji wamefanya kazi bila kulala huku nyumba zao hazina paa. Kabla ya kuondoka, shika zamu zao za usiku ili wakajenge. Nimeona timu nyingi zikiacha zawadi za fulana, chache zikiacha usiku wa usingizi.

Wewe mwenyewe, pumzika saa zako na usinywe maji usiyoyajua hata ukikaribishwa. Ukirudi nyumbani ukapata homa ndani ya mwezi mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari wazi kwamba ulikuwa kwenye maji ya mafuriko, ili apime malaria na homa ya mgunda kabla ya kukuandikia panadoli.